Sengerema kwa mguu: Ziwa mbele, pampu mkononi, kiu kooni!

Wiki hii hatuendi disko wala hatuchambui mitindo ya nywele. Wiki hii tunatupia mashanta mgongoni, tunavuka maji na kwenda kukanyaga vumbi la Sengerema, ng'ambo ya Mwanza, kule ambako watu wengi wa mjini wanakujua kwa kupita tu, wakiwa ndani ya basi la Geita au Bukoba, pazia limevutwa, usingizi mnono.

Na siku hizi ndiyo kabisa. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua lile daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, Juni 19, 2025, ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakulazimisha angalau ushuke ununue samaki wa kukaanga imebaki hadithi. Raha kwa mwenye haraka. Lakini kwa sisi wa mguu njia tamu ni ile nyingine: unapanda pantoni ya Kamanga pale pale mjini, unaiacha miamba ya Mwanza ikipungua nyuma yako, unashuka upande wa Sengerema na kuanza kutembea. Tulikuwa watatu: mimi, mshikaji wangu mmoja fundi redio, na denti mmoja wa chuo aliyeapa kwamba hawezi kulala nje bila shuka jeupe.

Sasa, uzuri wa njia hiyo sitauimba sana. Mashamba ya mihogo, mawe makubwa yaliyokaa kimkao kama yamepangwa na mtu, ng'ombe wanaokutazama kwa dharau, dagaa walioanikwa mchangani mpaka harufu inakutangulia kilomita nzima. Ni bomba, basi. Kinachonifanya nishike kalamu ni jambo dogo ambalo kila mtembezi atakutana nalo kabla ya saa sita mchana: maji ya kunywa.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa jua lile mtu mmoja anayetembea na mzigo anamaliza lita 4 kwa siku bila kujitahidi. Watu watatu, siku tatu, hizo ni lita 36, na kila lita ni kilo moja. Kilo 36! Hiyo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji, na bado hujaweka unga, sufuria wala hilo shuka jeupe la denti. Halafu kichekesho ni kwamba unabeba mzigo huo huku pembeni yako kuna Ziwa Victoria, la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, linakuchekea tu.

Ndipo inapoingia pampu. Fundi aliiokota Mlango Mmoja, kwenye mitumba, katikati ya lundo la mabegi ya kambi. Muuzaji alikuwa anainadi kama pampu ya baiskeli ya Kizungu! Fundi akaigeuza mara mbili, akaona ndani kuna mwamba mweupe kama chokaa, akanyamaza, akalipa. Mpya huko Ulaya na Marekani zinauzwa kama dola 100 kwa zile za kawaida, na zipo zinazokaribia dola 400. Yeye alilipa pesa ya chipsi mayai, mara mbili tu.

Kifaa chenyewe si uchawi. Kina mipira miwili. Mmoja unatupwa majini, una kichungi kidogo mwishoni na kaboya ka sponji ili usilale kwenye tope. Mwingine unaingia kwenye chupa yako. Katikati kuna bomba na mkono wa kupampu. Ukivuta, maji yanaingia; ukisukuma, yanalazimishwa kupita kwenye hicho kitu cheupe, ambacho ni udongo uliochomwa, yaani kauri. Vitundu vyake ni vidogo hatari: mikroni 0.2, na mikroni moja ni milimita moja uigawe mara elfu. Vijidudu vya kipindupindu havipiti hapo. Vya taifodi havipiti. Amiba na giardia, wale wanaokufanya ukimbilie porini usiku ukiwa umeshika suruali, kwao huo ni ukuta wa gereza. Kwa dakika moja unapata kama lita moja, mkono ukiwa bado na nguvu.

Maji ya ziwa yakiwa na tope, kauri inaziba na mkono unaanza kuuma kama umepiga pushapu. Dawa yake ni kuifungua na kuisugua taratibu kwa kisponji, ngozi ya juu inatoka na uchafu wake, unaendelea. Usiiangushe kwenye mwamba. Ikipata ufa hata mwembamba kama unywele, maji yatapita vizuri tu, tena kwa kasi ya kupendeza, na vidudu navyo vitapita vizuri tu. Na ule mpira wa maji machafu usikae mfuko mmoja na ule wa maji safi, maana hapo umefanya kazi bure.

Lakini msomaji, usije ukadanganyika kwamba pampu ni mwisho wa matatizo. Virusi ni vidogo kuliko hivyo vitundu, vinateleza. Karibu na mwalo wenye watu wengi na vyoo vichache, ukishapampu tia kidonge cha klorini, usubiri nusu saa, au chemsha yatokote dakika moja nzima. Ukiona maji yamekuwa ya kijani kama rangi ya ukuta, kama yanavyokuwa wakati mwingine kwenye Ghuba ya Mwanza, usiyaguse kabisa. Ile kijani ina aina zenye sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Vilevile upande unaoelekea Geita kuna wachimbaji wadogo wanaokamatia dhahabu kwa zebaki. Zebaki iliyoyeyuka majini haijui kauri ni nini. Kijito kinachotoka kwenye mialo ya kuoshea mchanga wa dhahabu, pita kwa mbali, hata kama ulimi umekauka.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonikaa kichwani. Ili upampu maji ya ziwa unahitaji kufika kwenye maji. Mtu wa mjini anafanyaje? Anavua viatu, anakunja suruali, anaingia mpaka magotini, anapampu maji safi salama. Kwisha habari yake! Wale tuliosoma Baiolojia ya sekondari tunamkumbuka konokono. Kichocho hakikusubiri mdomoni. Vimelea vyake vinatoka kwenye konokono, vinaogelea, vinapenya ngozi ya mguu wako mzima usio na hata kidonda, na wewe huku juu umeshika mashine ya dola 100. Ukanda huu wa ziwa una kile cha tumbo, kinachokaa miaka na kula ini polepole. Pale Kisiwa cha Kome, upande wa Buchosa, watafiti kutoka Korea walishughulika nacho kuanzia mwaka 2009.

Sisi tulichofanya ni kutafuta mwamba unaoingia ziwani, ambao Sengerema si wa kutafuta kwa tochi. Unakaa juu mkavu, unatupa mpira mbali na majani, unapampu. Usichuchumae ukingoni kabisa. Wenyeji watakuambia mamba wapo, na mwenyeji akisema hivyo hasemi kukunogeshea safari.

Tukiwa juu ya mwamba kama huo, jirani na Chifunfu, watoto walikuja kutuzunguka. Kama kumi hivi, ndoo kichwani, wakacheka mno walipoona maji yanapanda kwenye mpira. Walipotosheka na sinema wakashuka kuchota. Wakaingia mpaka kiunoni, kwa sababu ya ukingoni ni machafu na kila mtoto pale anajua kwamba maji mazuri yako mbele kidogo. Mimi nimekaa juu ya jiwe, mkavu, na chupa yangu. Mmoja akaniuliza, "Kaka, hiyo ukinywa unakuwaje?" Nikamwambia huumwi tumbo. Akafikiri, akasema, "Mimi huwa naumwa," akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Jioni tulipata hifadhi kwa bibi mmoja, mama mtu mzima anayekausha dagaa. Shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, karibuni, mwadila, na sisi tunajibu mwadila kwa lafudhi ya kubahatisha. Tukawekewa mkeka. Kabla hata ya kuuliza tumetoka wapi, akaleta maji kwenye kikombe cha bati, amepiga goti kidogo, kikombe ameshika kwa mikono miwili. Sasa hapo, kijana wa mjini, unafanyaje? Kote Usukumani na Uzinza maji ya mgeni si kinywaji tu, ndiyo karibu yenyewe. Mimi nilipokea. Fundi, bila hata aibu, akafungua shanta akatoa pampu! Nilitamani ardhi ipasuke.

Bibi aliitazama ile pampu kwa utulivu, akaangua kicheko. "Mjukuu wangu," akasema, "hayo nimechemsha jana usiku. Yametulia kwenye mtungi. Hiyo yako ichuje nini, mvuke?" Denti alicheka mpaka akakohoa. Kumbe bibi huyo tangu kipindupindu kile kilichoanza Agosti 2015 na kusambaa karibu nchi nzima, hajawahi kunywa maji mabichi nyumbani kwake. Anachota, anachuja kwa kanga kuukuu aliyoikunja tabaka kadhaa, anachemsha, anaweka mtungini, anafunika.

Na ile kanga usiidharau. Mwaka 2003 mwanasayansi wa Marekani, Rita Colwell, na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wao wa vijijini Bangladesh, ambako akina mama walichuja maji kwa sari kuukuu zilizokunjwa. Kipindupindu kilipungua kwa kama asilimia 48. Nguo kuukuu inafaa kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zimeshafumuka na kuziba nafasi. Bibi wa Chifunfu hakuhitaji kuambiwa na mtu wa Marekani.

Shida yake bibi ni nyingine: kuni. Kila ndoo ya maji ni mzigo wa kuni, na kuni ziko mbali kuliko zamani. Siku kuni zikiwa chache, akasema, anachemsha ya mtoto mdogo peke yake, wakubwa "tunamwachia Mungu". Ndipo akaomba pampu aijaribu. Akapampu yeye mwenyewe, mkono wenye nguvu kuliko wa denti, akajaza jagi zima. Akaonja. Akakunja uso. "Yamepooza," akasema. "Hayana hata ladha ya mtungi." Kisha akauliza bei. Fundi akamtajia ile ya Ulaya, akitaka sifa. Bibi akanyamaza kidogo akihesabu, akasema hayo ni mabati ya nusu nyumba.

Usidhani vitu vya kwetu havipo. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha alitengeneza kichujio cha mchanga kinachoongezewa chembe ndogo sana zilizotengenezwa maabara, na mwaka 2015 kikampa tuzo ya kwanza kabisa ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi, inayotolewa na chuo cha wahandisi wa Uingereza. Chenyewe kinatengenezwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, hata floraidi kinakamata. Hakiingii kwenye shanta, lakini nyumba ya bibi haitembei.

Asubuhi tulitaka kumwachia pampu. Fundi ndiye aliyependekeza, namsifu. Bibi akaikataa: kauri ikiisha atapata wapi nyingine, na ikipasuka nani atamwambia? Akasema kama tunataka kumwachia kitu, tumchotee maji. Denti akaanza kuvua viatu, bibi akamkemea kwa sauti ya kijeshi. Akatuonyesha mwamba wake, na kamba, na ndoo ya kutupa kutoka juu. Tulichota ndoo sita, tukazipanga kivulini na kuzifunika. Mbili za kuchemsha, nne za kuogea, na hizo za kuogea alisema hazitaguswa mpaka siku mbili zipite. Hao wadudu wa kichocho wasipopata ngozi ya mtu, hawafikishi siku hizo. Nani alimfundisha? "Zahanati," akajibu, kama ambaye ameulizwa jua linachomoza wapi.

Pampu sasa hivi iko mezani kwa fundi, kapete kake ka mpira kamelegea na anachonga kingine kutoka kwenye kandambili. Kikikubali, tunaelekea Kahunda, tunavuka kwenda Maisome. Denti amesema anakuja, ila safari hii shuka ataacha nyumbani, atabeba kamba na ndoo.