Yupo, Yuko, Yumo: Simu Ilipozimika Njia ya Iringa

Marehemu mjomba wangu alifundisha Kiswahili katika shule za msingi za mkoa wa Iringa kwa zaidi ya miaka thelathini, na kosa lililomkera kuliko yote halikuwa la kuchanganya r na l. Lilikuwa la po, ko na mo. Mwanafunzi aliyesema "kitabu kiko mezani" ilhali anakiona kwa macho yake aliambiwa akitazame tena, kisha arudie sentensi. "Unakiona?" "Ndiyo, mwalimu." "Basi kipo." Aliyesema "kalamu ipo mkobani" aliulizwa kama mkoba una ndani au hauna. Sisi wapwa zake tuliokwenda kwake Kihesa wakati wa likizo tulipata masomo hayo hayo, tena bila kuulizwa kama tunayataka.

Ninayaandika haya kwa sababu ya ubeti mmoja aliouacha nyuma ya bahasha ya dawa. Ubeti wenyewe hauwezi kueleweka bila kisa chake, na kisa hakieleweki bila kujua simu inavyojua mahali ilipo na kwa nini kujua huko kunaimaliza betri. Malenga wenzangu mnivumilie kwa safari hii ya pembeni.

Julai mwaka jana mdogo wangu, anayeishi Iringa, alinipigia simu asubuhi. Mjomba ametolewa hospitali arudi nyumbani, akaniambia, na wote tulijua maana ya kurudishwa kwa namna ile. Kila saa alikuwa akiniulizia. Mimi ninaishi Mbeya, na basi nililolipata lilitoka saa nane mchana. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam: unapita Uyole, unateremka hadi Igurusi na Chimala ukingoni mwa bonde la Usangu, unapanda Makambako kwenye baridi, halafu Mafinga na misitu yake ya misonobari, Ifunda, Tanangozi, mpaka Ipogolo unakoanza kuukwea mji wenyewe.

Ili nimwondolee mdogo wangu usumbufu wa kunipigia kila nusu saa, nilifanya jambo nililoliona la busara. Nilimtumia mahali nilipo kwa WhatsApp, ile namna ya mubashara, nikachagua muda wa saa nane. Tangu hapo nukta yangu ikawa inatembea kwenye kioo cha simu yake, kando ya kitanda cha mgonjwa. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia 71. Nami nikawa naifungua ramani kila baada ya dakika chache kujitazama ninavyosogea, kana kwamba kutazama kungeongeza mwendo wa basi. Chimala ilikuwa imebaki asilimia 38. Makambako, saa kumi na mbili jioni, ilibaki 6. Tulipokuwa tunatoka Makambako ikazimika.

"Ni baridi hii, inakula betri," akaniambia jirani yangu wa kiti. Ni kweli kwamba baridi kali hudhoofisha betri, lakini ndani ya basi lenye abiria sitini na maboksi matatu ya vifaranga hapakuwa na baridi ya kumdhuru mtu wala betri. Mbele kidogo, kabla ya Mafinga, gurudumu likapasuka, tukakaa kando ya barabara tukihesabu malori ya Zambia.

Nilifika Kihesa saa nne kasorobo usiku. Mjomba alikuwa amelala. Mdogo wangu alinipokea kwa hasira iliyochanganyika na machozi: "Saa nne nzima umekaa Makambako unafanya nini?" Akanionyesha simu yake. Kweli, nilikuwa bado Makambako, nukta imetulia tuli kando ya barabara. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo yanayotaja saa ya mwisho simu yangu iliposikika. Hakuyasoma. Nani husoma maandishi madogo akiwa anauguza?

Asubuhi mjomba aliamka akiwa na nguvu kuliko tulivyotarajia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba." Ndivyo tulivyoitana siku zote, mjomba kwa mjomba. "Umetoka saa ngapi Makambako?"

Tulicheka, naye akakohoa kwa muda mrefu. Kisha akasema nimweleze, polepole, kidude hiki kinajuaje mtu alipo. Nilimweleza kwa lugha aliyonifundisha mwenyewe, kwa sababu wakati nikitafuta pa kuanzia niligundua kwamba simu ina njia tatu kubwa, nazo zinakaribiana sana na po, ko na mo.

Nilianza na po. Juu ya dunia, kwenye umbali wa kilomita 20,200 hivi, zinazunguka setilaiti za mfumo wa Marekani uitwao GPS. Mpango wake unahitaji zisipungue 24. Warusi wana mfumo wao, Wachina wao, Ulaya wao, na simu nyingi za sasa husikiliza yote. Nilisema "husikiliza" kwa makusudi. Watu wengi hudhani setilaiti inatuona na kutufuata. La hasha. Setilaiti haijui kwamba mimi nimo duniani. Kazi yake ni kutangaza mambo mawili tu bila kuchoka: saa yake inasemaje, na yenyewe iko wapi. Wimbi hilo huchukua kama sehemu saba za mia ya sekunde kutufikia. Simu hulinganisha saa ya kutumwa na saa ya kupokewa, ikapata umbali. Ukiwa na umbali wa setilaiti tatu, hesabu ingetosha kukuweka mahali pako, lakini saa ya simu si ya kuaminika: ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali umekosewa mita 300. Kwa hiyo inahitajika setilaiti ya nne, ya kuisahihisha saa.

"Kwa hiyo setilaiti ni mghani," akasema mjomba, "na simu ni hadhira."

Mghani mwenyewe ni wa polepole mno. Ujumbe wa GPS ulioasisiwa tangu mwanzo husafiri kwa biti 50 kwa sekunde, yaani kama herufi sita. Ukurasa mmoja wa ujumbe huchukua sekunde 30, na kurasa zote ni 25. Kuzisikia zote ni dakika kumi na mbili na nusu. Simu ikikatizwa katikati ya ukurasa kwa sababu basi limepita chini ya mlima au kwa sababu ya bati la paa lake, yapasa kungoja ukurasa ule urudiwe. Siku hizi simu hukwepa kungoja huko kwa kuuchukua ujumbe uleule kupitia intaneti, ndiyo maana mtu mwenye bando hupata nukta yake kwa sekunde chache, na asiye na bando hukaa akiitazama ramani tupu.

Nilimsimulia pia kwamba hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiupotosha kidogo, kwa makusudi, ujumbe unaotolewa kwa raia wa dunia, hata mtu akaweza kukosewa kwa mita mia moja hivi.

"Kumbe walikuwa na po yao," akasema, "sisi wakatugawia ko!" Alilipenda sana jambo hilo. Alilirudia kwa kila jirani aliyekuja kumjulia hali siku ile.

Ko ya kweli ni ya minara. Simu isipopata setilaiti, au isipotaka kuzisumbua, hujikadiria kwa mnara wa mtandao unaoihudumia. Pale Mwanjelwa, penye minara iliyosongamana, kadirio hilo laweza kuwa la mita mia kadhaa. Ukiteremka Usangu, ambako mnara mmoja hubeba vijiji na mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho, laweza kuwa la kilomita nyingi. Ramani haidanganyi katika hili: huichora nukta ikiwa imezungukwa na duara la buluu iliyopauka, na duara likiwa kubwa, simu inakiri kwamba haina hakika. Sisi huitazama nukta tukalisahau duara.

Mo ni ya waifai. Ndani ya jengo, chini ya zege, setilaiti hazisikiki vizuri. Simu husikiliza vitambulisho vya mitambo ya waifai iliyo jirani, ya duka la dawa, ya ofisi ya ghorofa ya pili, ya nyumba ya wageni, kisha huuliza hazina ya mbali iliyokwisha kuorodhesha mitambo mingi na mahali pake. Haihitaji neno la siri la mtu yeyote. Kusikia kitambulisho kunatosha. Ndivyo inavyojua kwamba umo.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha kwamba katika Kinyakyusa chetu alama hizi hukaa mbele ya neno: husema *kukaja*, ambapo Kiswahili husema nyumbani na kuibandika -ni nyuma. "Lugha zetu," akasema, "zilikwisha kujua kwamba mahali si pamoja." Nikamwonyesha kwamba hata simu yenyewe, ukiiweka katika Kiswahili, mpangilio huo huitwa Mahali, na pana kitufe kiitwacho hali ya ndegeni. Neno ndegeni lilimfurahisha kuliko setilaiti zote.

Basi betri iliishia wapi? Nimelitafuta jibu hilo tangu siku ile, kwa sababu nilitaka kujua kosa langu hasa ni lipi. Kusikiliza setilaiti kwenyewe hakuli sana, kwa kuwa simu haitumi kitu huko juu. Kinachokula ni kukosa usingizi. Simu isiyotumiwa hulala; kichwa chake hupumzika na kuamka kwa vipindi. Mimi niliiamuru itangaze mahali pangu kwa saa nane, kwa hiyo ilikesha: isikilize, ikokotoe, itume kwa mdogo wangu, ianze tena. Ingekuwa imewekwa mezani, vihisi vya mwendo vingeiambia kwamba haijasogea, nayo ingeacha kujiuliza. Lakini ilikuwa ndani ya basi, kila sekunde ni mahali papya. Kutuma nako kuna gharama yake. Penye mnara wa mbali simu hupaza sauti, yaani huongeza nguvu ya kurusha, na kati ya mji na mji katika njia ile kuna mapande marefu ambayo simu hupiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Juu ya hayo, kioo. Kioo kinachowaka chaweza kula kuliko mambo mengine yote, na mimi nilikiwasha mara nyingi ili kutazama nukta ambayo ilikuwa ni mimi mwenyewe. Ongeza betri yenye umri wa miaka mitatu.

Siku hizi nikisafiri ninaipakua ramani kabla ya kuondoka, programu naziruhusu kujua mahali pangu ninapozitumia tu, na mahali pa kutangaza saa nane ninatuma mahali pa mara moja tu, Chimala, Makambako, Mafinga. Kisha naiacha simu ilale.

Lakini jambo lililonifanya niandike nililisikia kwa mdogo wangu, jikoni, siku ya tatu. Usiku ule, kabla mjomba hajalala, alikuwa akimwuliza kila mara, "Yupo wapi?" Naye akitazama kioo alijibu, "Yupo Makambako, mjomba." Saa moja ikapita. "Yupo wapi?" "Bado yupo Makambako." Mara ya nne au ya tano mzee akafumbua macho, akamwuliza, "Unamwona?" Akasema, "Naiona nukta yake." "Basi usiseme yupo. Sema yuko. Hujui." Mdogo wangu aliniambia kwamba alikasirika kusahihishwa sarufi saa ile na mtu aliyekuwa akipumua kwa taabu. Ila baada ya hapo mjomba alitulia. Hakuuliza tena. Akamwomba kalamu, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukitetemeka, akamwamuru aandike, yeye akihesabu mizani kwa vidole juu ya blanketi. Upande mmoja wa bahasha pana maelekezo ya vidonge, kimoja mara tatu kwa siku. Upande wa pili pana huu:

Mpwa wangu yu njiani, wasema yu Makambako,
Namuona simuoni, kituo chake ni huko,
Kama hujui yakini, usiseme po, sema ko,
Chaji ikisha simuni, mgeni yu safarini.

Nilipousoma mbele yake nilimwambia kwamba kipande cha mwisho cha mstari wa pili ni cha kujazia mizani. Akakubali bila ubishi, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Akasema niuache hivyo hivyo kwanza, ataurekebisha nikirudi Agosti. Nimeuacha kama alivyouacha.