Timu Mfu

Kuna wakati Jumamosi saa saba mchana nilikuwa kero kwenye simu za watu wengi wa wilaya za Tarime na Serengeti. "Dirisha linafungwa, wazee. Msije mkalia." Hapo majibu yalianza kumiminika: mmoja anauliza kama Kane atacheza, mwingine analalamikia bando, wa tatu anatuma picha ya bakuli la supu badala ya kikosi. Siku hizi natuma ujumbe uleule. Tiki za bluu zinatokea. Kimya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tarime, na tangu Agosti 2017 ni msimamizi wa ligi yetu ya fantasi. Cheo hicho sikukigombea. Nilikuwa tu mwenye simu yenye chaji siku ile, kwenye kibanda umiza kimoja karibu na stendi, ambako kiingilio kilikuwa shilingi 500 na benchi la mbele ni la wanaowahi.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Fantasy Premier League inakupa pauni milioni 100 za kufikirika ununue wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, wasizidi 3 wa klabu moja. Mchezaji wako akifunga kule, wewe unapata pointi huku. Unachagua nahodha, pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Dirisha la kubadili kikosi linafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza, ambayo mara nyingi ni ya Jumamosi mchana. Kwa saa zetu ni saa saba, halafu Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa nane, na mwishoni mwa Machi inarudi tena saa saba. Kila Aprili, bila kukosa, kuna mtu alinaswa na hiyo saa moja, akaapa nimemhujumu.

Sheria yetu wenyewe ilikuwa moja: atakayeshika mkia ananunua mbuzi, tunakutana msimu ukiisha.

Mwaka wa kwanza tulikuwa 23. Fundi pikipiki wa mjini, binamu yangu wa Sirari anayehangaika na mizigo ya mpakani, kijana wa Nyamongo aliyekuwa kibarua mgodini, nesi wa Mugumu, mpishi wa kambi ya watalii upande wa Ikoma. (Majina yao siyaweki, nitawaita kwa kazi zao.) Wakurya wa koo tatu nne, Wangoreme, Mwikoma, na Mjita mmoja aliyeoa huku. Mtu wa kwetu anajua uzito wa orodha kama hiyo. Hili ni eneo ambalo Tarime na Rorya zimepewa mkoa wake maalumu wa kipolisi, kwa sababu ya wizi wa ng'ombe na mapigano ya koo kwa koo. Mbuzi wa kwanza tulimlia nyumbani kwetu, na kichuri chake, na ugali wa udaga uliochanganywa na wimbi. Baba alitoka nje, akawatazama vijana wale wanaobishana kwa nguvu juu ya Salah, akaniita pembeni.

"Hawa ni wa ukoo gani?"

"Ni wa ligi, baba."

Akafikiri kidogo. Akauliza hiyo ligi ina ng'ombe wangapi.

Kama unataka kujua kilele chetu kilikuwa lini, si ule msimu tuliofika 31. Ni ile miezi ya 2020 ambayo hapakuwa na mechi hata moja. Ligi ya Uingereza ilisimama Machi, shule zikafungwa, nikarudi kulima. Hadi mpira uliporudi Juni 17 hapakuwa na pointi ya kuhesabu, na kundi letu halijawahi kuchangamka namna ile. Mpishi, ambaye kambi yake haikuwa na mtalii hata wa dawa, alifundisha watu kupika kwa sauti, ujumbe baada ya ujumbe, na nyuma ya sauti yake unasikia ndege. Mei, Kenya ilipofunga mpaka kwa watu ikaacha mizigo tu, binamu alitueleza kila jioni nani amekwama upande gani. Nesi alituambia tunawe mikono. Tulimkaripia kwa mzaha, tukanawa.

Sikulitilia maanani jambo hilo wakati ule. Niliona tunasubiri mpira urudi.

Watu wakianza kupungua, kila mmoja ana maelezo yake. La kwanza ni mkeka, na sitalipinga. Fantasi inakutaka usubiri kuanzia Agosti hadi Mei ili mwisho wake ule mbuzi. Mkeka unakwambia leo usiku. Fundi aliniambia wazi: "Mwalimu, pointi hazinunui plagi." Sasa ana simu iliyojaa mikeka iliyochanika na plagi bado ananunua kwa mkopo. Sababu ya pili ni kwamba vikosi vilifanana. Kila mtu anafuata washauri walewale wa YouTube, na msimu wa 2024/25 Salah alipovunja rekodi kwa pointi 344, kwetu karibu kila aliyebaki alikuwa naye na wengi walimpa unahodha. Utabishana nini na mtu mwenye kikosi chako?

Lakini kuna sababu nyingine ambayo ilinichukua miaka kuiona, na nilikuwa nimeipitisha mwenyewe kwa kura ya kunyoosha mikono. Ni yule mbuzi. Anayeburuza mkia akiona Januari hali ni mbaya, anajitoa mapema, Agosti inayofuata hajisajili. Sasa mkia unamhamia aliyekuwa juu yake, mtu wa kawaida tu, si mbovu. Naye anaona aibu na gharama zinamjia, anaondoka. Ligi ilioza kuanzia mkiani kwenda juu, msimu mmoja watu wanne, mwingine saba, na sisi wa juu tukawa tunacheka kwamba wameogopa mbuzi. Mbuzi kweli si bei ndogo. Kwa kibarua ni mshahara wa siku nyingi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema tumchangie.

Nitoke nje kidogo. Nilikuwa Mwanza, kwenye rundo la vitabu vya mtumba, nikaokota riwaya ya Mmarekani Robert Coover iliyotoka mwaka 1968, *The Universal Baseball Association, Inc., J. Henry Waugh, Prop.* Besiboli siijui, na kurasa nyingi za mwanzo nilizipita kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Habari yenyewe inashikika. Waugh ni mhasibu anayeishi peke yake. Usiku, mezani kwake, anaendesha ligi nzima ya besiboli kwa kurusha dadu: wachezaji aliowabuni, wenye majina, wanaozeeka, wanaostaafu, wanaokufa. Siku moja dadu zinamuua kijana anayempenda kuliko wote, na Waugh anaanza kuzama, hadi kazi inaota mbawa.

Wahakiki wengi wanaisoma kama habari ya Mungu na uumbaji wake, na herufi za jina lake zinawapa haki. Mimi nilikwama pengine kabisa. Kuna usiku anamwalika mwenzake wa kazini, Lou, aje wacheze wawili. Ni mara yake ya kumfungulia mtu mlango wa mchezo ule. Lou ni mtu mwema, mpenda kula, haelewi uzito wa kitu chochote kilicho mezani. Usiku unaharibika, bia inamwagika juu ya karatasi. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Waugh analilia karatasi zake, na mtu mzima aliyekuja kumtembelea amekaa pale mbele yake, kama hayupo.

Nikamkumbuka mpishi.

Msimu wa 2022/23 mpishi aliacha kugusa timu yake tangu Novemba. Ligi ilisimama kupisha Kombe la Dunia la Qatar, tukapewa ruhusa ya kubadili wachezaji wote bure, kila mtu akafumua kikosi. Cha kwake kilibaki vilevile. Timu ya namna hiyo tunaiita timu mfu. Ila mfumo hauijui kuwa imekufa. Kila wiki unahesabu pointi zake, unaingiza wa akiba pale aliyepangwa hakucheza, unaiweka kwenye msimamo kama kawaida. Na mpishi alikuwa ameacha unahodha kwa Haaland, ambaye msimu ule alifunga mabao 36. Kwa hiyo timu mfu ikawa inapanda.

Nilifurahi kupita kiasi. Kila Jumatatu nilipiga picha msimamo, nikazungushia jina lake mstari mwekundu, nikaweka kwenye kundi: Maiti imewapiga watu wanane wiki hii. Maiti iko nafasi ya 11. Mpishi amka uone, maiti yako inakaribia kombe. Watu walicheka, wakati ule bado walikuwepo wa kucheka. Nilifanya hivyo Januari, Februari, Machi. Hajibu, na mimi nikachukulia kuwa anaturingia. Jina lake lilikuwa pale kwenye msimamo kila wiki, linasogea. Kwa macho yangu alikuwepo.

Juni nilikwenda Mugumu kwa shughuli za shule, nikamkuta sokoni. Amekonda. Ndipo aliponieleza, kwa kifupi, huku akichagua dagaa. Mke wake aliugua Novemba ile, wakalazwa mbali, akaomba ruhusa kambini na ruhusa ikageuka kuwa mwisho wa kazi. Simu aliiuza wiki ya pili, kwa ajili ya dawa. Mke amepona, anashukuru Mungu. Laini aliirudisha juzi tu, kwenye kitochi.

Kisha akaniuliza, na macho yake yakachangamka kabisa: "Mura, ligi iliishaje? Mimi nilikuwa wa ngapi?"

Nikamwambia wa tisa.

Alicheka hadi muuza dagaa akageuka. "Haaland kanibeba!" Akataka kujua wa kumi ni nani, akataka nimpigie palepale amtambie. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kumwambia kuhusu zile picha na mistari mwekundu. Sikumwambia. Hakuwa ameziona, na kitochi hakitamwonyesha. Nimeziacha kwenye kundi. Nikipandisha juu bado zipo.

Ungedhani hapo nilibadilika. Wala. Nilirudi Tarime, Agosti nikatuma tena mwaliko wa msimu mpya, wakajiunga 14. Mwaka uliofuata 10. Wakati huohuo Biashara United ya Musoma, timu yetu ya mkoa kabisa, ilikuwa imeshuka Ligi Kuu tangu 2022, na nikijiuliza ni lini mara ya mwisho kundi letu lilijadili mchezaji wake hata mmoja, sikumbuki. Tulijua magoti ya mabeki wa Brighton. Hilo nalo liwe mada ya siku nyingine.

Msimu huu wa 2025/26 tulianza 6.

Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Watu walikuwa na mambo mazito ya kuwaza, na mimi pia, sitajifanya kwamba niliwaza kikosi. Lakini Jumamosi ya Novemba mosi, kwa mazoea ya miaka minane, nilishika simu, nikakuta sina pa kutuma ujumbe wangu. Dirisha lilifungwa bila sisi. Timu zetu zote sita ziliingia uwanjani zenyewe. Mtandao ulipoanza kurudi Jumatatu jioni nikaona Haaland, nahodha wangu, ameifunga Bournemouth mawili. Ilikuwa mojawapo ya wiki zangu nzuri za msimu, na sikuwa nimegusa kitu.

Ni katika siku zile ndipo nilipoanza kupiga simu za kawaida, za kuongea, kwa vocha ya kukwangua. Nilitaka tu kujua kila mtu yuko salama. Nilianza na wale sita, nikaendelea na waliojitoa. Binamu alidhani kuna msiba. Nesi amehamishiwa Bunda, ana mapacha, nilikuwa sijui. Kijana wa Nyamongo alipokea akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, kama ni ile hela ya mbuzi wa 2021, nitalipa." Miaka minne alikuwa anaikwepa namba yangu.

Nimeendelea hivyo, Jumamosi mtu mmoja. Januari ilikuwa zamu ya mpishi. Sasa analima karibu na pori la akiba, na mahindi yalikuwa yamebeba. Nilimpigia saa saba na nusu nikijua nina nusu saa; nahodha wangu alikuwa ameumia na nilitaka kumbadilisha.

"Umenikuta nimelala, mura," akasema. "Usiku silali. Tembo."

Akanieleza wanavyokuja, kumi na kitu, kimya kama paka, na huyo anayesema tembo ana kelele hajawahi kulinda shamba. Wanafunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Wanapiga madebe. Mke wake ndiye mwenye tochi kubwa, kwa sababu yeye haogopi. Juzi walikula robo eka wakiwa wanawatazama. Nikamuuliza robo eka ni magunia mangapi, akaanza kunipigia hesabu, akakosea, akaanza upya, na nyuma yake mtoto akawa anamsahihisha.

Tulipomaliza ilikuwa saa nane na dakika kumi.