Safu ya Tatu

Baada ya mavuno nilitoka kwetu Kilosa nikaenda Mikumi kuuza mpunga. Dada yangu anauza chakula huko, kando ya barabara kuu ya Iringa, mahali yanapopumzika malori. Ilikuwa Jumanne, siku ya chuo. Watoto nilikuwa nimemwachia mwanafunzi mkubwa awasomeshe.

Baada ya sala ya Adhuhuri nilimkuta mpwa wangu ameinamia simu. Nilitaka kumkaripia, lakini nikaona humo askari wenye ngao wamejipanga safu safu. Nikamwuliza, "Hawa ni watu gani?"

"Warumi wa kale, Mjomba. Mchezo huu waitwa Rome: Total War."

Jina la Warumi nalijua tangu utotoni, maana Sura ya 30 ya Qurani yaitwa kwa jina lao, ingawa hao ni wa zama za baadaye. Nikaketi.

Jeshi lao la kale lilisimama safu tatu. Mbele vijana, waitwao hastati. Nyuma yao watu wazima, prinkipe. Nyuma kabisa wazee waliozoea vita, triari. Kila safu iligawanywa vikosi, vya mbele aghalabu watu 120, vya wazee watu 60. Baina ya kikosi na kikosi iliachwa nafasi, ili waliochoka warudi nyuma pasipo kuwavuruga wenzao. Wazee walipiga goti na mikuki yao, wakingoja. Mara nyingi vita viliisha hawajainuka. Lakini pasipo wao, wa mbele hawana pa kurejea.

Vijana wa mpwa wangu wakashinda, adui akakimbia. Kwa furaha akawatoa hata wazee wakamfukuze. Mara wapanda farasi wa adui wakazunguka, wakaja kwa nyuma, na jeshi lote likavunjika.

"Hii ni Uhud," nikamwambia. Nikamsimulia jinsi Mtume (s.a.w.), mwaka wa 3 wa Hijra, alivyowaweka wapiga mishale 50 kilimani, mkuu wao Abdullah bin Jubair, akawaamuru wasiondoke, ikiwa ni kushinda au kushindwa. Walipoiona ngawira, wengi wao wakashuka. Khalid bin al-Walid, ambaye siku hiyo hajasilimu, akazunguka na farasi wake, na Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi.

Kijana akanyamaza, kisha akauliza kwa adabu, "Mjomba, leo si Jumanne? Chuoni nani anasomesha?"

Hakukusudia kunishitaki, lakini sikuwa na jibu. Umri wangu umepita miaka hamsini. Mimi ni wa safu ya tatu. Sina elimu ila ya chuo na ya shule ya msingi, na kazi niliyopewa ni moja, kukaa mahali pangu. Nami nilikwisha kushuka kilimani mara nne kwa ajili ya mpunga. Yule mwanafunzi wangu, akichoka au akikosea, nyuma yake hapana mtu.

Simu sikumnyang'anya. Tuliagana: yeye aiweke chini kila asikiapo adhana, nami nisiondoke Kilosa siku ya chuo. Magunia nikamwachia dada yangu, nikapanda gari la jioni. Mpunga umeuzwa kwa bei ndogo kuliko niliyoitaka, na sijuti.

Wabillahi taufiq.