Kava la Usukani

Kifurushi kilitufikia Jordbro, kusini mwa Stockholm, mwishoni mwa Novemba, kimeletwa na jirani aliyekuwa amekwenda Tanga kuwasalimia wazee wake. Ndani mlikuwa na bizari, kahawa, na kava la usukani wa gari alilolishona mama yangu kwa cherehani yake: kanga yenye bitana, imetiwa lastiki pembeni. Alikuwa amesikia kwamba mjukuu wake, aliyetimiza miaka 16, ameanza kujifunza udereva, na kwamba usukani wa gari letu umechubuka.

Habari ya kuchubuka nilimpa mimi mwenyewe, tena kwa kulalamika. Gari tulilinunua likiwa limetumika miaka mingi. Upande wa kushoto wa usukani, karibu na juu, ngozi imebanduka kwa upana wa kiganja. Kila nilipompa mtu lifti, niliona macho yake yakitua hapo. Kwetu kitu chenye thamani hakiachwi wazi. Makochi ya mama yana vitambaa, redio ina kitambaa chake, na hata chupa ya chai hufunikwa. Aidha, nilikuwa na hoja iliyonipa nguvu: marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wa basi kati ya Tanga na Dar es Salaam, aliuzungushia usukani wake vipande vya tyubu ya baiskeli. Ikiwa dereva wa namna ile aliuvika usukani wake, mimi ni nani niuache uchi?

Sheria ya Uswidi humruhusu kijana wa miaka 16 kujifunza udereva akiwa na mzazi wake, mradi mzazi huyo awe na umri wa miaka 24 au zaidi, awe amekuwa na leseni kwa miaka isiyopungua mitano, na wote wawili wawe wamehudhuria kozi ya utangulizi. Leseni yenyewe hupatikana mtu akifika miaka 18. Kwa hiyo kwa miaka miwili mikono ya binti yangu ni dhamana yangu, na anachokishika ni wajibu wangu.

Jumamosi iliyofuata nililivisha kava. Lilienea vizuri, na rangi zake ziling'arisha gari zima. Tulikwenda kwenye uwanja wa maegesho uliokuwa mtupu, kabla jua halijazama, maana Desemba hapa huzama kabla ya saa tisa alasiri. Binti yangu alikata kona ya kwanza polepole, na mambo yakawa sawa. Kona ya pili aliikata kwa haraka kidogo. Mikono yake iligeuka pamoja na kanga, usukani ukabaki nyuma. Gari likaendelea kwenda mbele, kuelekea rundo la theluji, hadi alipokanyaga breki.

"Baba, unateleza," alisema. Hakuwa na hofu. Hofu ilikuwa yangu, kwa kuwa nilijua kwamba siku moja mahali pa rundo lile patakuwa na mtu.

Usiku ule nilimkumbuka tena baba, safari hii kwa makini zaidi. Tyubu yake ilikazwa kwa nguvu hata ikawa sehemu ya usukani. Usingeweza kuingiza ukucha kati yake. Aliifunga kwa sababu ya jasho la viganja katika joto la pwani, ili mkono usiteleze. Wala haikuficha kitu: yenyewe ililika upande wa kulia. Nchini kwetu dereva huketi kulia na kubadili gia kwa mkono wa kushoto, hivyo mkono wa kulia ndio unaobaki kwenye usukani. Hapa ni kinyume chake, na ndiyo maana usukani wetu umelika kushoto. Alama niliyoionea haya ilikuwa ya mtu aliyeshika sawasawa, kama baba yangu alivyoshika, ila kwa mkono mwingine.

Neno usukani lilikuwa la vyomboni kabla ya kuwa la magari. Nahodha huishika kana ili mkono wake upate habari za maji. Barabara nayo hutoa habari: barafu huulegeza usukani mkononi kabla jicho halijaiona. Mimi nilitaka kuweka kitambaa kati ya mwanangu na habari hiyo, kisa macho ya watu.

Ilibaki kumwambia mama, na hilo lilinielemea kuliko kulivua kava.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kava limeenea?"

"Limeenea, mama. Lakini linateleza."

Alinyamaza kidogo. "Linateleza kwa lastiki au kwa kitambaa?"

"Kwa kitambaa."

"Basi livueni. Kanga si ya kushikia chombo." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na mikono yake? Huko si baridi?"

Nilimwambia kwamba tutalipasha gari joto kwanza.

Ndivyo tunavyofanya. Asubuhi za Jumamosi tunakaa ndani ya gari injini ikiunguruma, tukingoja kioo kiyeyushe ukungu wake. Kava limekunjwa kabatini mwa binti yangu, naye amekataa nilitafutie kazi nyingine. Kioo kikishakuwa cheupe, huweka mkono wake wa kushoto juu ya ile ngozi iliyobanduka, bila kuitazama, na tunaondoka.