Mizani Mbili

Haba na haba hujaza kibaba. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Bandu bandu huisha gogo. Methali hizi tatu nilizifundisha kwa miaka mingi, kila moja kwa siku yake: ya kwanza ya kuhimiza akiba, ya pili ya kuwaonya wabadhirifu, ya tatu ya kufundisha subira. Nilikuja kuona kwamba zote tatu zinasema jambo moja nilipofikia umri wa miaka sabini na mitatu, nikawa na makadirio mawili ya kuandaa kwa wakati mmoja: makadirio ya fedha za safari ya Ujerumani, na makadirio ya chakula changu cha kila siku.

Binti yangu anaishi Hamburg na mumewe. Mwaka 2023 walijaliwa mtoto wa kwanza, na tangu wiki ile akawa haachi kuniuliza kwenye simu, "Baba, unakuja lini kumbeba mjukuu wako?" Swali lilikuwa jepesi, lakini jibu lilikuwa zito. Nyumba yao iko ghorofa ya nne katika jengo la zamani lisilo na lifti. Mimi wakati ule nilikuwa nikipanda ngazi kumi na mbili za posta nasimama katikati, najifanya natafuta miwani. Nilikuwa na kilo 94 kwa urefu wa mita 1.70.

Daktari alinipima presha, akayatazama magoti yangu, kisha akachukua karatasi akanifanyia hesabu: uzito kwa kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Asili ya hesabu hiyo ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa akitafuta vipimo vya binadamu wa wastani wala hakuwa na nia ya kumtibu mtu. Kwangu jibu lilikuwa 32.5. Uzito wa kawaida huishia chini ya 25, na kuanzia 30 huhesabiwa kuwa unene uliopita kiasi. Akaongeza jambo lililonishika kuliko hesabu yenyewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliowahusu watu wazima wanene wenye maumivu ya magoti, ulionyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. "Mwalimu," alisema, "ukipunguza kilo kumi, kwa kila ngazi ya huko Ujerumani goti lako litakuwa limetua kilo arobaini."

Nilijipa mwaka mmoja na ushei. Nilianza na fedha kwa kuwa hesabu za fedha nimezizoea. Mtu aliyesimamia chuo cha ualimu anajua kwamba mara nyingi stoo ya chuo haimalizwi na gunia linaloibwa, bali na kikombe kinachozidishwa kila asubuhi. Nikachukua daftari, nikachora safu tatu: kinachojulikana, kinachokadiriwa na kisichotarajiwa.

Katika safu ya kwanza niliandika nauli, viza na bima. Ada ya viza ya nchi za Schengen kwa mtu mzima ilikuwa euro 80, ikapanda kuwa euro 90 tarehe 11 Juni 2024, wiki chache tu kabla sijapeleka maombi yangu. Bima ya safari yenye uwezo wa kugharimia matibabu ya angalau euro 30,000 ni sharti. Katika safu ya pili niliandika usafiri wa mjini, chakula cha njiani na zawadi. Safu ya tatu ilikuwa sehemu ya kumi ya jumla yote, nayo niliiweka katika bahasha yake na kuifunga kwa gundi. Kila pensheni ilipoingia nilitenga fungu la safari kwanza, ndipo nikaenda sokoni na kilichobaki. Na kila fungu lilipofikia kiasi cha maana nilinunua euro chache, kwa sababu shilingi hupanda na kushuka, na mwenye kubadili fedha zake zote kwa siku moja anacheza bahati nasibu.

Daftari lile lile nililigeuza nyuma, nikaandika kwa wiki mbili kila kilichoingia kinywani mwangu. Matokeo yalinifundisha. Milo ya mezani haikuwa na ubaya mkubwa. Asali ya buyu langu ilikuwa ikichovywa nje ya milo. Vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni vijiko kumi na viwili, yaani gramu 48 hivi. Hizo ni kama kalori 190. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Kwa hesabu ya karatasi, chai yangu peke yake ilikuwa na uwezo wa kunijengea kilo moja ya mwili kila baada ya siku arobaini. Hapo sijaitaja soda ya mkutanoni, ambayo chupa yake ya mililita 350 hubeba karibu vijiko tisa vya sukari, wala andazi linaloletwa pamoja nayo, ambalo kulikataa ni kumvunjia heshima mwenyeji.

Mwili wenyewe hauendi kama karatasi. Ukipunguziwa chakula nao hupunguza matumizi, mfano wa karani mjanja. Hata hivyo hesabu ilinionyesha pa kuanzia. Sukari ya chai niliishusha kijiko kimoja kila mwezi hadi ikaisha, na ulimi ukazoea bila kugombana nami. Mama watoto aliacha kumimina mafuta kutoka kwenye dumu akaanza kuyapima kwa kijiko cha mezani, kwa kuwa kijiko kimoja tu kina kalori kama 120. Ugali sikuuacha. Nilihamia dona, nikaupa robo ya sahani. Robo nyingine ikawa ya maharage, dagaa au samaki. Nusu iliyobaki ikawa ya mchicha, matembele au kabichi. Daktari alisisitiza sana hiyo robo ya pili. Mzee anayejinyima chakula chote, alisema, hupunguza misuli pamoja na mafuta, akawa mwepesi na dhaifu kwa pamoja. Akaniwekea kikomo cha nusu kilo kwa wiki, na kutembea kwa haraka nusu saa siku tano za wiki, ndizo zile dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Hapo mizani mbili zikakutana. Vitu nilivyoviacha vilikuwa vinanunuliwa dukani, na vilivyochukua nafasi yake vilikuwa vinaota nyuma ya nyumba au vinauzwa kwa mafungu sokoni. Kila soda ambayo sikuinywa niliiandika katika safu ya nauli. Kitu kimoja sikukigusa, nacho ni pilau ya Jumapili. Makadirio yasiyomwachia mtu kitu anachokipenda hayafiki mwisho wa mwaka.

Ambalo sikulikadiria ni macho ya watu. Ilipofika mwezi wa tano nilikuwa nimepungua kilo saba, na kola za mashati zikaanza kuniacha shingo. Kwetu mtu akinenepa tunamsifu kwamba amenawiri. Akikonda, tunanyamaza, na kimya hicho kina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na jirani zetu wa Uganda waliuita ugonjwa huo Slim kwa namna ulivyowakondesha watu. Sisi tuliokuwa kazini miaka ile tuliwazika walimu wenzetu na wanafunzi wetu. Tulijifunza kusoma mashavu ya mtu kabla ya kusikia habari zake. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali zetu, watu wengi wamepata nguvu na kuendelea na kazi zao. Lakini jicho lililofundishwa na msiba halisahau upesi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alinijia usiku mvua ikinyesha. Aliketi, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, kama kuna jambo, usinifiche. Tumetoka mbali." Nilimletea daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma, kama anayesahihisha mtihani, kisha akacheka hadi akafuta machozi. Sikuona vibaya kwamba alinishuku. Nilifikiri ni watu wangapi katika miaka ile walikonda pasiwe na rafiki hata mmoja wa kuwagongea mlango.

Nilisafiri Septemba 2024, nikiwa na kilo 83. Tiketi yangu iliruhusu begi moja la kilo 23, na palepale uwanjani Dar es Salaam nilimwona abiria akitoa vitu kwenye sanduku lake kwa sababu ya kilo tatu zilizozidi. Mimi nilikuwa nimeacha nyumbani kilo kumi na moja za mwili, karibu nusu ya begi, na hakuna aliyenipimia wala kunitoza. Ndani ya ndege niliinuka kila baada ya muda kutembea kwenye ujia, kwani kukaa bila kunyoosha miguu kwa safari inayozidi saa nne huongeza hatari ya damu kuganda.

Hamburg nilijifunza kwamba mgeni anayegeuza kila bei kuwa shilingi hatakula. Kikombe cha kahawa kitamwonekea kama kilo ya nyama, na kwa hofu atashinda na njaa hadi jioni, kisha atakula chochote kilicho mbele yake. Nilijiwekea kiasi cha euro kwa siku, nikaacha kuzidisha. Nilikula wanavyokula wenyeji: mkate mweusi wa shayiri nyekundu, kabichi iliyochachushwa, viazi vya kuchemsha, dengu, matufaha ya msimu. Vyote ni vya bei nafuu na vinashibisha. Embe na mihogo ya dukani niliisalimu tu nikapita. Maji nilikunywa ya bomba, ambayo kule ni salama. Tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma, ambayo mwaka ule ilikuwa euro 49, ilinipandisha mabasi na treni zote za mjini.

Matembezi mengine hayana kiingilio. Nilizunguka Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yaliyojengwa juu ya nguzo majini, ambako kahawa, chai na viungo vilihifadhiwa kwa miaka mingi. UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015. Nilipita pia kwa miguu katika njia iliyochimbwa chini ya mto Elbe na kufunguliwa mwaka 1911. Ina urefu wa mita 426, na mwenda kwa miguu halipi kitu.

Siku ya kwanza nilizipanda ngazi za nyumba ya binti yangu nikapumzika mara moja, ghorofa ya pili. Katika wiki ya tatu nilizipanda bila kusimama, mjukuu mkononi, naye akinivuta sikio.

Kuna jambo binti yangu hakulielewa mwanzoni. Yeye na mumewe walikwisha kusaini hati ya serikali ya kuahidi kunigharimia, kwa hiyo alishangaa kuniona ninanunua tiketi yangu na kuchangia vyakula vya nyumbani. "Baba, wewe ni mgeni wetu," alisema. Nilimjibu kuwa nimeona kodi ya nyumba yao, na nimeona anavyorudi kutoka zamu ya usiku. Mzazi akifika uzeeni huwa na mizigo miwili ambayo mtoto hubebeshwa bila kuulizwa: mfuko wa mzazi na mwili wa mzazi. Hakuna awezaye kuahidi kwamba hataugua wala hatapungukiwa. Lakini kile ambacho mkono wangu bado unakiweza, yaani kijiko cha sukari na noti moja ya bahashani, sioni sababu ya kumtwisha mwanangu.

Nilirudi mwishoni mwa Oktoba, kilo zikiwa 83 zile zile. Hesabu ya daktari ilitoa 28.7, bado juu ya mpaka, na nusu kilo yangu ya wiki imekuwa robo. Sina haraka. Bahasha ya dharura ilirudi imefungwa, nami sikuifungua nilipofika. Nimeandika juu yake mwaka mwingine. Mwezi uliopita binti yangu amenidokeza kwamba mjukuu wangu anatarajia kupata mdogo wake, na jioni ile ile nilikaa mezani nikachora safu tatu.