Kilichoingia Wakati wa Mvua

Msonobari hauoti Lodwar. Mvua yetu ya mwaka mzima haifiki milimita 300, na jua la huku lingeukausha mche kabla haujashika mizizi. Misonobari inatufikia ikiwa mbao tu, kwa malori yanayoshuka kutoka Kitale kupitia Kapenguria na Marich hadi Lodwar, na mengine huendelea mpaka Kakuma. Nafundisha biolojia chini ya paa lililoezekwa juu ya mbao hizo, nami nilitaka kujua zilikotoka.

Nikakuta kisa. Zamani matumaini makubwa ya wapanda misitu wa nyanda za juu za Kenya na Tanganyika yalikuwa radiata, msonobari wa pwani ya California unaokua upesi mno. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, miti hiyo michanga ilikuwa ikipukutika sindano, yaani majani yake membamba. Mwaka 1964 mtafiti I. A. S. Gibson na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa kwanza nchini Kenya kuhusu kuvu iliyosababisha hayo, Dothistroma. Radiata ikaachwa, msonobari mwingine, patula, na miti ya saiprasi ikashika nafasi yake.

Namna kuvu hii inavyoingia ndiyo iliyonikalia moyoni. Tone la mvua hugonga sindano yenye ugonjwa na kurusha mbegu ndogo mno za kuvu hadi sindano za jirani. Ukungu ukitanda mlimani na sindano ikabaki na maji, mbegu huchipua na kutoa uzi, nao hutambaa juu ya sindano mpaka ukutane na stomata, vile vitundu ambavyo sindano huvutia hewa. Hapo unaingia bila kuvunja kitu. Sindano haiwezi kuviziba vitundu hivyo daima, maana ndivyo vinavyoipa hewa ya kujitengenezea chakula.

Kisha panakuwa kimya. Wiki kadhaa, pengine miezi, sindano hubaki kijani kama nyingine. Ndani yake kuvu inatoa sumu nyekundu, dothistromini, inayoua seli. Baadaye ndipo yanapotokea madoa ya manjano, halafu mikanda ya rangi ya matofali. Ncha hukauka huku sehemu ya chini ya sindano ikiwa bado mbichi. Vivimbe vyeusi hupasua ngozi na kungoja mvua nyingine. Mwenye shamba akifika siku hiyo na kuuliza jana kulitokea nini, hatapata jibu. Jambo lilitokea msimu uliopita.

Hayo nayaona darasani pia. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ipo tangu 1992, na darasani mwangu watoto wa Kiturkana huketi na wenzao ambao familia zao zilitoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na Burundi. Msichana aliyekuwa mwepesi wa kujibu huanza kunyamaza. Daftari halifunguliwi. Katika chumba cha walimu tunaulizana amepatwa na nini wiki hii, na mara nyingi wiki hii haina kosa. Pengine ni mwaka 2025, mgao wa chakula ulipopunguzwa na kaka yake akaondoka kutafuta kibarua. Pengine ni ule ukame uliomaliza mbuzi wa baba yake. Na kilichomuumiza kiliingilia palepale anapovutia uhai: imani yake kwa mtu mzima aliyemwambia kwamba mambo yatakuwa sawa. Mtoto hawezi kuufunga mlango huo akaendelea kukua.

Kenya iliuacha mti wa radiata, na kwa shamba la miti uamuzi huo nauelewa. New Zealand, ambako kuvu hiyo iligunduliwa mwaka huohuo wa 1964, iliendelea na radiata. Ndege zilinyunyiza dawa ya shaba, ambayo haiponyi sindano iliyokwisha kuingiwa bali huikinga iliyo safi. Miti iliyosongamana ilipunguzwa ili hewa ipite, na mbegu zikachaguliwa kutoka kwa ile iliyostahimili. Tena radiata, ikivuka takriban miaka 15, huanza kuikinza kuvu kwa nguvu zake yenyewe. Hilo hunigusa kuliko yote niliyosoma, kwa sababu shambani unaweza kubadilisha aina ya mti, lakini mimi sina mtoto mwingine wa kumweka mahali pa huyu.

Kwa hiyo muhula ukifunguliwa, kabla ya mtihani wowote, huketi na mwanafunzi mmoja mmoja, hata wale wanaocheka na kupata alama nzuri. Siulizi habari za leo. Nauliza mwaka jana nyumbani palikuwaje, nani yupo, nani ameondoka. Wengine hunijibu, "Tuko sawa, mwalimu," nami huwarudia muhula unaofuata. Darasa ni kubwa na kazi hiyo hunila saa zote za mapumziko, lakini wenzangu wawili wameniambia wataanza kufanya hivyo katika madarasa yao.