Kingo za Picha ya Nyoka

Katika kazi ya kupiga picha za nyoka, niliyoifanya pwani na katika misitu ya milima ya Usambara, jambo lililonishughulisha kuliko kumkabili nyoka mwenyewe lilikuwa ile saa ya chumba cha giza, nilipoketi mbele ya mashine ya kukuzia nikaamua kingo za picha zipite wapi. Hadhari ndiyo iliyoulazimisha uamuzi huo. Kwani moma hushambulia kwa kasi isiyofuatwa na jicho, na mwenye akili humpiga picha kwa mbali, hata katika filamu yangu ya mraba, sentimita 6 kwa 6, akatokea mdogo mno, ilhali karatasi, iliyokuwa inchi 8 kwa 10, haikuwa mraba kamwe. Kukata hakukuepukika.

Wahariri aghalabu walitaka kichwa peke yake, kinywa wazi na meno nje. Sikuridhia. Moma hana desturi ya kukimbia. Kinga yake ya kwanza ni kutoonekana, maana zile alama za mgongoni humchanganya na majani makavu hata mpita njia akamkanyaga, na hapo ndipo anapouma. Basi msomaji aliyeonyeshwa kichwa kilichojaza ukurasa ametiwa hofu bure, wala hakufunzwa kile atakachokutana nacho kondeni, yaani majani, na ndani ya majani, nyoka. Kwa hiyo nilimwachia moma majani yake pande zote, ingawa waliniambia kwamba picha haina kitu.

Kwa nyoka wa kijani hukumu yangu ilikuwa nyingine. Katika miembe na mikorosho ya pwani huonekana mamba wa kijani, na huonekana pia bumslangi, ambaye dume lake aghalabu ni kijani vilevile, na ukukwi asiye na madhara, ambaye huuawa kwa dhambi za hao wawili. Mamba ana kichwa kirefu chembamba na magamba laini. Bumslangi ana kichwa kifupi, jicho kubwa ajabu, na mwinuko mwembamba katikati ya gamba. Tofauti hii si ya wataalamu tu: sumu ya mamba hushika mishipa ya fahamu na pumzi, ya bumslangi huzuia damu kuganda, na dawa ya sumu ya mamba haimfai aliyeumwa na bumslangi.

Mwaka 1957, mjini Chicago, bingwa wa elimu ya nyoka Karl P. Schmidt alipelekewa nyoka mchanga amtambue, akasita kumwita bumslangi kwa kuwa gamba la chini, penye shina la mkia, halikugawanyika kama ilivyotazamiwa. Nyoka akamuuma kidole gumba, naye akafariki siku ya pili yake. Ikiwa bingwa wa cheo kile, aliyemshika nyoka mkononi, alisita, sembuse tabibu wa zahanati anayeonyeshwa jicho moja lililokuzwa?

Kwa ajili hiyo zahanati nilizipa picha mbili za filamu ile ile: moja ya mwili wote, pasipo kukata pindi wala ncha ya mkia, maana ukingo ukipita juu ya pindi urefu wa nyoka haujulikani tena, na ya pili ya kichwa na shingo, nisiikuze kupita kiasi, kwani chembe za filamu zikishakuwa kubwa huufuta ule mwinuko wa gamba ambao ndio ushahidi wenyewe.